Huyo si paka wa jirani

Jumamosi nilipigiwa simu saa moja kasoro asubuhi. "Fundi, njoo uone kinyesi alichoniachia tena bustanini paka wa jirani. Safari hii namwekea sumu." Ilikuwa simu ya nne ya namna hiyo tangu masika yaanze, na mshitakiwa ni yuleyule kila mara. Nikapanda bodaboda hadi Goba, Dar es Salaam, nimenuna.

Chini ya mpera, pembeni ya ukuta, palikuwa na lundo. Sisemi kinyesi kimoja, nasema lundo: cha usiku ule bado kinang'aa, cha siku kadhaa kimekauka, na cha zamani zaidi kimeshaota miche ya mipera. Nikaokota kijiti nikachambua. Ndiyo, kazi yangu ina raha zake. Mbegu za mapera, mbegu za papai, manyoya kidogo, na vipande vya jongoo, zile pete zake ngumu, tele.

"Mama, umewahi kumwona paka anakula jongoo?"

"Sasa ni nani?"

Fungo. Wengine humwita ngawa, na wazee wa pwani humwita paka wa zabadi, jina ambalo nadhani ndilo limetuponza. Zabadi ni ile mafuta yenye harufu kali inayotoka kwenye tezi yake chini ya mkia, iliyokuwa ikitiwa kwenye manukato. Lakini mnyama mwenyewe si paka kabisa. Ana ukoo wake mwingine, na akishakua hufika kilo 12 hata zaidi, mara mbili tatu ya paka wa jirani mliyempania.

Tofauti yao kwenye bustani ni ya tabia. Paka hutafuta udongo tifutifu, mkavu, anachimba, anamaliza, anafukia. Ndiyo maana anapenda kitalu chako cha mchicha ulichokipalilia jana. Fungo hafukii. Ana choo chake, anarudi palepale usiku baada ya usiku, na anapaacha wazi ili fungo wengine wajue mtaa una mwenyewe. Na jongoo, ambaye wanyama wengi humkwepa kwa sababu ya sumu yake, kwake ni kitoweo. Ukiona pete za jongoo na mbegu kwenye lundo moja la wazi, mwache paka wa watu.

Sasa niseme ukweli ambao mafundi wenzangu hawatausema: mambo hayanyooki hivyo siku zote. Paka dume mwenye kiburi naye huacha wazi akitaka kuonyesha mipaka yake. Mbwa koko wanakula maembe yaliyoanguka, na kinyesi chao kinatoka na nyuzi za embe. Mwaka juzi niliapa mbele ya mteja kwamba ni fungo, nikachekecha majivu chini ya geti jioni ili nipate nyayo. Nyayo zikaja na alama za kucha, nikashangilia. Kucha zinamwondoa paka tu, maana paka hutembea kazificha. Mbwa na fungo wote wanaacha kucha. Alikuwa mbwa. Mbwa wa mteja mwenyewe.

Vidogo vidogo nivipitie haraka. Kijiti cheusi chenye ncha nyeupe ni cha mjusi. Kipande kinene cheusi kilichojaa maganda ya wadudu kando ya bomba ni cha chura, si cha panya, usinunue sumu. Madoa ukutani na vidonge vya nyuzi zilizotafunwa chini ya mti wa mkungu ni popo.

Sumu sasa. Chambo hakichagui mdomo: atakula nguchiro, atakula kuku wako, na bundi aliyekuwa akikumalizia panya ataokota mzoga. Na fungo ni mnyamapori. Kumuua au kumtega bila kibali kunakugonganisha na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini ambavyo watu hutupa bustanini, nayo ni sumu, na watoto huiona pipi. Zile chupa za maji zinazopangwa kwenye majani eti zifukuze paka, nimeshakuta kinyesi kimeegemea chupa, sina la kuongeza. Pilipili ya unga? Kuna bustani nilinyunyiza na wageni wakakoma. Ilikuwa pilipili, au walikuwa wamehama tu? Sijawahi kuweza kuapa.

Kinachofanya kazi ni cha kuchosha. Kwa paka, usimwachie udongo mkavu mtupu: mwagilia jioni, laza wavu wa kuku juu ya kitalu miche ipite katikati, au tandika makuti. Kwa fungo, okota mapera na mapapai kabla ya giza, funika pipa la taka, fungia kuku, kisha tafuta tundu anapopitia, mara nyingi ni mtaro au pengo chini ya geti. Ziba tundu, na choo utakiondoa kwa koleo. Ukikiondoa tundu likiwa wazi, umemsafishia tu.

Vaa glavu. Cha paka kiondolewe kila siku, kwa kuwa vimelea vya tokso (toksoplasmosi, ugonjwa hatari kwa mimba) vilivyomo huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo viweze kuambukiza. Mjamzito asikiguse kabisa. Na watoto wasicheze pekupeku kwenye mchanga wanaoutumia mbwa na paka. Wale minyoo wanaochora mistari inayowasha chini ya ngozi hutokea humo.

Kwa hiyo kabla hujanipigia alfajiri: piga picha, weka kalamu pembeni nione ukubwa, nitumie. Na usifagie kwanza. Yule mama wa Goba alikuwa amefagia nusu, na bado alikuwa ameshika fagio akimwangalia paka wa jirani juu ya ukuta.