Kwa Nini Mwanasaikolojia Hakuambii la Kufanya

Malalamiko yanayoletwa katika kitengo chetu cha ushauri nasaha yameongezeka, na mengi yanafanana: "Nimelipa, nimeongea saa nzima, hakuniambia nifanye nini." Wengine wanakasirika kwamba wamepewa daftari kama watoto wa shule.

Saikolojia haina njia moja. Chukua abiria aliyenusurika ajali na sasa hawezi kupanda matatu. Mwenye mkabala wa tabia, uliojengwa na watafiti akina Pavlov, Watson na Skinner, huuona woga huo kuwa ni kitu kilichofunzwa, hivyo chaweza kufunzwa upya. Wiki ya kwanza utasimama stejini tu hadi moyo utulie. Ukizoea, utaketi ndani ya matatu iliyoegeshwa, halafu utasafiri kituo kimoja. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alichapisha habari za Peter, mtoto aliyeogopa sungura. Sungura alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda, hadi akaweza kumshika. Hiyo ni tiba kamili, si mchezo.

Daftari ni la mkabala wa fikra, alioukuza daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960. Unaandika wazo linalokujia, "nikipanda nitakufa", kisha mnalipima pamoja: ushahidi uko wapi? Wafuasi wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, watakurudisha utotoni, kwenye mambo unayoyabeba bila kujijua. Mwanasaikolojia Carl Rogers naye alisisitiza kumsikiliza mteja bila kumhukumu. Basi mshauri akinyamaza, tafadhali usimwite mvivu. Na anayetaka kuandikiwa dawa amwone daktari wa magonjwa ya akili.

Kabla ya kikao cha kwanza utasoma fomu ya ridhaa na kutia sahihi. Isome kweli. Hapa Kenya, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 inataka mhudumu awe amesajiliwa, na kufanya kazi hii bila usajili ni kosa, kwa hiyo omba kuona cheti chake. Siri zako hazitolewi, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mahakama ikiagiza. Taarifa za afya zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mume, mke au mwajiri akipiga simu kuuliza ulichosema, hatumjibu, hata kama yeye ndiye aliyelipa.

Muulize mshauri wako anatumia mkabala gani. Usiporidhika, peleka mapokezi ombi la kubadilishiwa. Hulazimiki kueleza sababu.