Ablesheni ya katheta kwa moyo uliochoka: maana yake

Mzee mmoja wa Bombo, hapa Uganda, askari mstaafu, aliambiwa kwamba kuna matibabu ya moyo yanayofanywa kwa katheta. Akajibu papo hapo: "Daktari, mkojo wangu hauna shida." Hakukosea sana. Wodini kwetu katheta ni mpira wa mkojo, basi. Hii nyingine ni mrija mwembamba unaopenyezwa kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo. Na ablesheni ni kuunguza kwa makusudi vijisehemu vya nyama ya moyo ili visipitishe umeme tena.

Ndiyo, moyo una umeme wake. Kwa kawaida kila pigo huanzia kituo kimoja kidogo katika chumba cha juu cha kulia, kisha umeme unashuka kwa utaratibu. Ugonjwa wa mpapatiko wa atiria unavuruga hayo: vyumba vya juu vinapigwa cheche ovyo, hata zaidi ya mara 400 kwa dakika, vikabaki vinatetemeka tu bila kubana.

Ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono utaujua ugonjwa huu. Wanubi wa Bombo wanapocheza ngoma yao ya doluka, hata mtoto anajua pigo lijalo litaangukia wapi. Hapa hujui. Weka na kifaa cha kusikilizia kifuani: kifuani unahesabu mapigo 130 kwa dakika, mkononi 96. Hayo mengine yamepotelea njiani, kwa sababu moyo ulibana kabla haujajaa damu.

Sasa mchanganyie huyo mgonjwa na moyo kushindwa kufanya kazi. (Jina hilo huwatia watu hofu bure; moyo haujasimama, ila hausukumi damu ya kutosha. Ndiyo maana miguu inavimba na mtu analala ameegemea mito mitatu.) Maradhi haya mawili yanalishana. Moyo dhaifu unarudisha shinikizo nyuma, vyumba vya juu vinatanuka, mpapatiko unapata nafasi. Mpapatiko nao unaukimbiza moyo usiku na mchana na kuunyima ule msukumo wa mwisho wa kuujaza, nao unazidi kuchoka. Kuna wagonjwa ambao mpapatiko ndio ulioanza, na mdundo ukirekebishwa, picha ya eko (ya mawimbi ya sauti) inaonyesha moyo umepata nguvu upya. Kwa watu hao ablesheni inagusa chanzo chenyewe. Na dawa za kurekebisha mdundo si nyingi kwao: baadhi ni hatari kwa moyo dhaifu, na amiodaroni, inayobaki, inaweza kuharibu tezi ya shingo na mapafu.

Pa kuchoma pamejulikana tangu 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walipoonyesha kwamba cheche nyingi zinatoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Daktari hutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, akaingia kushoto, akazungushia kila mlango wa mshipa huo duara la makovu. Kovu halipitishi umeme. Huchomwa kwa joto, au kwa baridi kali, au siku hizi kwa mishtuko mifupi ya umeme.

Utafiti wa CASTLE-AF wa 2018 ulifuatilia wagonjwa 363 wenye maradhi haya yote mawili. Katika miaka kama mitatu, waliokufa ni asilimia 13.4 kwa waliofanyiwa ablesheni, na asilimia 25 kwa waliobaki na dawa. Tofauti kubwa. Lakini wagonjwa wale wote walikuwa na kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa kifuani, kitu ambacho wagonjwa wetu wengi hawajawahi kukiona.

Halafu kuna vali, vile vilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma. Hapa Uganda mpapatiko mara nyingi huja na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, tena kwa vijana. Mlango wa vali ukiwa umebana, kuchoma mishipa ya mapafu na kuiacha vali vile vile ni kufagia maji huku bomba limepasuka. Huyo anahitaji vali yake ishughulikiwe kwanza. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, ina maabara ya katheta tangu 2012, ila ablesheni ya mpapatiko inadai pia mashine ya kuchora ramani ya umeme wa moyo na mtu aliyezoea kazi hiyo. Hatari zake si za mzaha: damu kujaa kwenye mfuko wa moyo, kiharusi, kuvuja damu kinenani. Na mpapatiko unaweza kurudi, mtu akachomwa mara ya pili.

Mzee wa Bombo alipoelewa, swali lake lilikuwa moja: "Nikishachomwa, dawa ya kuzuia damu kuganda naacha?" Hapana, mzee. Kwa miezi ya mwanzo haiguswi kabisa, na mwenye moyo kama wako kwa kawaida anaendelea nayo hata mdundo ukitulia.