Bigwala Imo Orodhani, Je, Vibuyu Vimo Shambani?

Kila sisi wa makumbusho tunapofika Jinja, Uganda, swali huwa lile lile: bigwala yetu, muziki na ngoma ya tarumbeta za vibuyu, imeshaandikwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, kuna kazi gani tena? Fahari hiyo ni haki ya Wasoga, watu wa ufalme wa Busoga, nami naifurahia pamoja nao. Ila yafaa tujue iliingia kwa mlango gani.

Mwaka 2012 bigwala iliwekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa lugha ya hospitali, ililazwa chumba cha mahututi. Walikuwa wamebaki mabingwa wanne tu, wote wazee, wenye ujuzi kamili wa kuunda ala, kuipuliza na kuicheza.

Bigwala ni muziki wa kifalme, hupigwa Kyabazinga, mfalme wa Busoga, akitawazwa na akizikwa. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, wapigaji walikosa pa kupigia, na vibuyu vikakosa wa kuvipanda.

Ala yenyewe ni vibuyu virefu vilivyokatwa na kuungwa hadi vikawa tarumbeta. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, kwa hiyo hakuna mtu awezaye kupiga wimbo peke yake. Hutakiwa watano au zaidi: mmoja huanza, mwenzake hudakia pale palipoachwa wazi, na wa tatu vivyo hivyo, mpaka sauti zisukane ziwe wimbo. Hapo ndipo ngoma huingia, waimbaji wakapokea, na wachezaji wakawazunguka wapigaji wakikata viuno. Akikosekana mmoja, pengo husikika. Sasa hesabu mwenyewe: tarumbeta tano, mabingwa wanne.

Ndiyo maana kazi ya kuihuisha ilianzia kwenye jembe. Kwa msaada wa fedha za UNESCO, mbegu za vibuyu zilitafutwa zikapandwa, na vijana wakakaa na wazee kujifunza.

Wenzetu wa Tooro na Bunyoro nao empaako yao, mila ya kupeana majina ya heshima na upendo, iliandikwa mwaka 2013, kwenye orodha hiyo hiyo ya dharura. Serikali ndiyo hupeleka UNESCO maombi ya mila kuandikwa, lakini haiwezi kuyapeleka bila ridhaa ya wenye mila.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Busoga, ukiwa na vibuyu virefu shambani usivimalize vyote. Acha kimoja kikauke mpaka ukikitikisa mbegu zilie ndani. Zihifadhi pakavu, uzigawe kwa jirani mvua za Machi zikikaribia, na umwite kijana wako akusaidie kuchimba mashimo.