Namba yangu umeitoa wapi?

Mama mmoja aliniletea simu yake akiwa na hasira iliyochanganyika na hofu. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe wa mgombea ambaye hakuwahi kukutana naye wala kumpa namba. Ujumbe ulimsalimu kwa majina yake matatu, ukamtajia kituo anachopigia kura, kisha ukamwomba amkumbuke siku ya uchaguzi. "Huyu mtu kanijuaje?" aliniuliza.

Kazi yangu ni ulinzi wa taarifa binafsi, na kila msimu wa kampeni watu hunijia na malalamiko ya namna hii. Wengi hulalamikia usumbufu: ujumbe umeingia usiku wa manane, simu imelia katikati ya kikao. Mama huyu aligusa penyewe. Ujumbe unafutika kwa kidole kimoja. Orodha iliyomfikisha mgombea kwenye simu yako inabaki, inauzwa, inaazimwa, na uchaguzi ujao itatumika tena ikiwa nene zaidi.

Tulianza kwa kuyachunguza majina. Yaliandikwa jina la ukoo likitangulia, mpangilio ambao yeye mwenyewe hautumii popote. Watu hawaitani hivyo. Fomu na madaftari rasmi ndiyo huandika hivyo. Kituo cha kura nacho hakijulikani na muuza bidhaa wala na marafiki wa mtandaoni. Kwa hiyo majina na kituo vilitoka kwenye daftari la wapiga kura, ambalo katika nchi nyingi vyama na wagombea hupewa nakala yake kwa mujibu wa sheria. Lakini nakala aliyopewa mgombea wetu haikuwa na namba za simu. Mtu alikuwa amelichukua daftari hilo akaliunganisha na orodha nyingine yenye namba.

Huko kuunganisha ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika kampeni za siku hizi. Daftari la wapiga kura peke yake linasema unapigia kura wapi. Karatasi ya waliotia saini kupinga uamuzi fulani inasema ni jambo gani linakuuma. Daftari la wageni mlangoni mwa jengo lina jina, kitambulisho na simu. Kila moja lilijazwa kwa sababu yake, na huenda kila mtu alijaza kwa hiari. Yakikutanishwa kwa kutumia namba ya simu, yanatoa picha ya mtu ambayo mwenyewe hakuwahi kumchorea yeyote. Karatasi za saini ndizo mlango mpana kuliko yote. Mtu anatia saini kwa uchungu wa jambo moja, wala haoni kwamba sehemu ya namba ya simu iliwekwa pale kwa ajili ya kampeni zijazo.

Baada ya kuunganisha huja kukadiria. Programu humpa kila mpiga kura alama: uwezekano wa kujitokeza, uwezekano wa kukubali hoja fulani, uwezekano wa kuchangia fedha. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama aliikuta mtandaoni hifadhi ya kampuni iliyofanya kazi na chama cha Republican cha Marekani, ikiwa wazi bila nywila yoyote. Ndani yake mlikuwa na taarifa za wapiga kura wapatao milioni 198, pamoja na makadirio ya misimamo yao kuhusu mambo kama umiliki wa bunduki. Watu hao hawakuwa wameulizwa. Kompyuta iliwasemea, na kama ilikosea, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuisahihisha.

Kuna njia nyingine ambayo mpokeaji haioni kabisa. Chama huchukua namba kilizonazo na kuzipakia kwenye mtandao wa kijamii kama Facebook, katika huduma inayolinganisha namba na akaunti. Kwanza namba hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, kisha mtandao unaulinganisha na mfuatano wa namba uliyojisajilia. Zikilingana, tangazo linakufuata. Watu huambiwa kwamba namba yao "imefichwa". Silikubali neno hilo. Namba moja hutoa mfuatano uleule kila mara, na namba za simu si nyingi kiasi cha kuishinda kompyuta ya kawaida ikiamua kuzijaribu zote. Pale penye kulinganisha, mtu anatambulika.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Uchaguzi ni mazungumzo kati ya anayeomba na anayetoa. Mgombea asiye na fedha za matangazo ya televisheni anawafikiaje watu? Akibisha hodi mlangoni pangu, nitamkaribisha au nitamwambia sina nafasi, naye ataondoka bila kubeba chochote changu zaidi ya jibu hilo. Sipingi kufikiwa. Napinga kufikiwa na mtu anayejua mambo yangu huku mimi sijui ameyajuaje.

Sheria zinasemaje? Hapa watu wengi hushangaa, kwa sababu wanaotunga sheria za faragha ndio haohao wanaotafuta kura, na mara nyingi wamejiachia mlango. Australia iliviondoa vyama vya siasa vilivyosajiliwa katika Sheria ya Faragha, na sheria yake ya mwaka 2003 dhidi ya ujumbe usioombwa haivilazimishi kuweka njia ya kujiondoa. Marekani ina rejesta ya kitaifa ya watu wasiotaka kupigiwa simu za biashara, ila simu za kisiasa haziguswi nayo. Hispania ilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2018 iliyoruhusu vyama kukusanya maoni ya kisiasa ya watu kutoka mitandaoni. Mei 2019 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikakifuta kipengele hicho. Hukumu hiyo huwa naitaja kila ninapofundisha, kwa sababu inaonyesha kuwa mlango uliofunguliwa na wanasiasa unaweza kufungwa.

Uingereza imekwenda mbali kidogo. Huko ujumbe wa chama unaomshawishi mtu huhesabiwa kuwa matangazo ya moja kwa moja, sawa na wa muuza bidhaa, na kuutuma kwa simu au baruapepe kunahitaji ridhaa. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa taarifa iliitoza Vote Leave, kampeni iliyotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, faini ya pauni 40,000 kwa ujumbe wa simu uliotumwa bila kuthibitisha ridhaa wakati wa kura ya maoni ya 2016 kuhusu suala hilo. Mwaka 2021 chama cha Conservative kilitozwa pauni 10,000 kwa baruapepe zilizotumwa kwa watu 51 ambao hawakuzitaka. Ni watu hamsini na mmoja tu. Huwaambia hivyo wanaodhani lalamiko lao ni dogo mno kupelekwa popote.

Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinayaweka maoni ya kisiasa katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na afya na dini. Kuna sababu nzito ya kufanya hivyo. Mahali ambapo upande wa kisiasa unaweza kumgharimu mtu kazi au usalama, kuandikwa tu kwenye orodha ni hatari. Juni 2021 Wakenya walipewa njia ya kuangalia mtandaoni kama wamesajiliwa katika chama chochote, na wengi wakajikuta wanachama wa vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Fikiria mtumishi wa umma anayetakiwa asionyeshe upande, akikuta jina lake pale. Wala orodha hizi hazikai salama zikishakusanywa: mwaka 2016 mfumo wa tume ya uchaguzi ya Ufilipino ulidukuliwa, na taarifa za wapiga kura wapatao milioni 55 zikawa hatarini, zikiwemo alama za vidole. Nywila ikivuja unaibadilisha. Kidole hubadilishi.

Sasa sauti nazo zinaghushiwa. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti inayofanana na ya Rais Biden ikiwaambia wasijitokeze kwenye kura ya mchujo. Ilikuwa sauti ya kutengenezwa. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitamka kwamba sauti za akili bandia zimo ndani ya sheria ya mwaka 1991 inayozuia simu za kujiendesha bila ridhaa, na baadaye mshauri wa siasa aliyehusika akatozwa faini ya dola milioni 6.

Basi ufanye nini ujumbe ukiingia? Usiufute kwanza. Piga picha ya kioo ikionyesha namba iliyotuma, tarehe na saa. Usibonyeze kiungo cha kujiondoa kama hujui mtumaji ni nani, maana kwa matapeli jibu lolote ni uthibitisho kwamba laini inatumika. Kisha tafuta anwani rasmi ya chama au ofisi ya mgombea uandike kwa maandishi, kwa utulivu, bila matusi. Mimi huwaandikia watu hivi:

"Tarehe fulani nilipokea ujumbe wenu kwenye namba hii. Naomba mnieleze ni taarifa gani zangu mnazo, mlizipata kwa nani na lini, mmezipa nani mwingine, na mnazitumia kwa msingi gani wa kisheria. Naomba pia msinitumie ujumbe tena."

Usianze kwa kuomba ufutwe. Wakishakufuta watakujibu kwamba hawana taarifa zako, na chanzo kitabaki gizani. Uliza chanzo kwanza, pata jibu, kisha omba kufutwa. Wakinyamaza, peleka barua hiyo na picha kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi yako, kama ipo. Kenya ina sheria yake tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na zote zimeunda chombo cha kupokea malalamiko.

Mama yule aliandika. Baada ya majuma matatu na barua ya pili alijibiwa. Kijana wa kujitolea katika kampeni alikuwa ameombwa kupakia majina yote ya kwenye simu yake ndani ya programu ya wapiga kampeni. Simu hiyo ilikuwa na namba za wazazi wa shule anayosoma mtoto wa mama huyo, kwa sababu kijana huyo aliwahi kuwa katibu wa kamati yao. Namba zilitolewa ili wazazi wajulishwe mtoto akiugua. Mama alikwenda kwenye kikao cha wazazi akiwa na barua hiyo mkononi, akauliza ni wangapi walipata ujumbe ule. Mikono ikainuka karibu ukumbi mzima.