VPN haifichi kila kitu: yasemwayo mtaani na ukweli wake

VPN ina kazi moja. Inachukua kila pakiti ya data inayotoka kwenye simu au kompyuta yako, inaifunga ndani ya pakiti nyingine iliyosimbwa (iliyofichwa kwa msimbo), kisha inaipeleka kwenye seva moja, yaani kompyuta ya mwenye VPN. Seva ile inaifungua na kuituma inakokwenda, kwa anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya seva yenyewe badala ya anwani yako. Basi. Kinachofichwa ni kipande cha njia kati yako na seva, ambacho huitwa handaki. Kuanzia hapo kwenda mbele data inasafiri kama siku zote. Dhana nyingi potofu zinazaliwa pale mtu anaposahau kwamba njia ina vipande viwili.

"Nikiwasha VPN hakuna anayenijua"

Washa VPN, chagua Uholanzi, halafu fungua Gmail. Barua zako zote zipo palepale. Google haikuhitaji anwani ya IP ili ikutambue: umeingia kwa akaunti yako, na huenda uliisajili kwa namba yako ya simu. Facebook, TikTok na maduka ya mtandaoni ni hivyohivyo. Ambaye hajaingia kwenye akaunti yoyote bado anabeba vidakuzi vya jana (faili ndogo ambazo tovuti humtambulia) ndani ya kivinjari chake, pamoja na alama ndogondogo zinazomtofautisha na wengine: ukubwa wa skrini, fonti, lugha, saa za eneo. Simu ambayo saa yake ni ya Dar es Salaam huku anwani yake ya IP ikisema Amsterdam inajitangaza yenyewe kwamba iko nyuma ya VPN.

Na GPS haina habari na VPN. Programu ya teksi ikiwa na ruhusa ya kusoma mahali ulipo itakuona uko Sinza, hata kama seva yako iko Uswisi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa VPN hawapendi kulisema. Kwenye laini nyingi za simu anwani ya IP unayotumia si yako peke yako. Kampuni ya simu inaigawa kwa wateja wengi kwa wakati mmoja. Tovuti unayoitembelea haiwezi kuitumia anwani hiyo kujua jina lako wala nyumba yako. Anayeweza ni kampuni ya simu, kwa sababu ndiyo yenye kumbukumbu za nani alipewa nini saa ngapi, na laini imesajiliwa kwa jina lako.

"Bila VPN kampuni ya simu inasoma kila ninachoandika"

Hapa watu wanatishwa zaidi ya inavyostahili. Tovuti karibu zote za maana sasa zinatumia HTTPS, njia inayosimba data kati yako na tovuti, na ujumbe wa WhatsApp umesimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji tangu 2016. Kampuni ya simu haisomi maneno yako, haioni nywila yako ya benki, wala haijui umefungua ukurasa upi ndani ya tovuti.

Inachoona ni jina la tovuti. Simu yako inaliuliza jina hilo kwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), mara nyingi bila kulificha, kisha kwa kawaida inalitaja tena waziwazi mwanzoni mwa mazungumzo ya HTTPS. Mtu akifungua tovuti ya kliniki ya VVU saa nane usiku, kampuni haijui alisoma nini, lakini inajua alikwenda kliniki gani, saa ngapi, na alishusha data kiasi gani. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha kusema mengi. Jina hilo ndilo VPN inalolificha kwa mtoa huduma, na ni faida ya kweli.

Lakini jina halikutoweka. Sasa anayeliona ni mwenye VPN.

"VPN inanipa intaneti ya bure, au inapunguza matumizi ya bando"

VPN inaongeza matumizi, haipunguzi. Tuchukue WireGuard, ambayo ni miongoni mwa itifaki (kanuni za kuendeshea VPN) nyepesi kuliko zote. Kila pakiti inabebeshwa baiti 60 za ziada kwenye IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP. Pakiti iliyojaa hubeba baiti 1,420, kwa hiyo nyongeza ni kama asilimia 4. Ukishusha filamu ya GB 1, unalipia takriban MB 42 zaidi.

Kwenye simu za sauti mzigo ni mkubwa zaidi, maana pakiti zake ni ndogo na ni nyingi. Simu ya intaneti inayotuma pakiti 50 kwa sekunde inaongezewa baiti 3,000 kila sekunde kwa kila upande. Kwa dakika moja, kwenda na kurudi, ni kama KB 360. Ongea nusu saa, umekula karibu MB 11 za kufungashia tu. VPN ya bure inayoleta matangazo ya video nayo inayalipia kwa bando lako.

Sasa hiyo "VPN ya bure data" inayosambazwa kwenye magrupu ya Telegram ni kitu kingine. Mtu anakupa faili la mipangilio. Ukiliwasha, simu inajifanya inatembelea ukurasa ambao kampuni ya simu imeuacha bila malipo, kumbe data inapitishwa kwenda seva ya huyo mtu. Mara nyingi faili limefungwa, huwezi hata kuangalia seva ni ipi. Yaani trafiki yako yote umemkabidhi usiyemjua, ambaye hana sera wala anwani, kwa kuokoa bando la siku moja. Kampuni ikishagundua inaziba, ndiyo maana kila wiki linakuja faili jipya. Na kwa kampuni ya simu huo ni wizi wa huduma, tena uliofanywa kwa laini yenye jina lako.

"VPN ni VPN, ya bure na ya kulipia ni zilezile"

Seva zinalipiwa kila mwezi. Usipolipa wewe, kuna anayelipa, na inafaa umjue. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, na wenzao walizichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikusimba chochote, asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 84 zilivujisha trafiki ya IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP.

Onavo Protect ilikuwa VPN ya bure. Facebook iliinunua kampuni yake 2013, na data ya watumiaji wake ikawa inaionyesha Facebook ni programu zipi nyingine watu wanazipenda na wanazitumia kwa muda gani. Iliondolewa kwenye duka la Apple 2018 na kufungwa 2019. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni tanzu mbili za Meta zilipe dola milioni 20 za nchi hiyo, kwa kuwa watumiaji hawakuelezwa ipasavyo. Kabla ya hapo, 2015, iligundulika kwamba Hola, VPN nyingine, ilikuwa inauza njia za intaneti za watumiaji wake wa bure: mteja mwingine alitokea mtandaoni kwa anwani ya IP yako, na akifanya ubaya, anwani inayoonekana ni ya kwako.

Kulipa nako si kinga. Maneno "hatuhifadhi kumbukumbu" yanaandikwa na kila mmoja. UFO VPN nayo iliyaandika, halafu Julai 2020 hifadhidata yake ikakutwa wazi bila nywila, ndani yake mna anwani za IP za wateja na hata nywila zao. Mwaka 2017 nyaraka za mahakama Marekani zilionyesha kwamba PureVPN iliwapa FBI rekodi zilizounganisha akaunti moja na nyumba na ofisi ya mtuhumiwa. Upande wa pili, Aprili 2023 polisi wa Uswidi walikwenda na hati ya upekuzi ofisi za kampuni ya VPN ya Mullvad mjini Gothenburg, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu data waliyoitaka haikuwapo. Tofauti haionekani kwenye tangazo. Inaonekana pale ahadi inapopimwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta vitu hivi: jina halisi la kampuni na nchi iliyosajiliwa, ripoti ya ukaguzi iliyofanywa na watu wa nje na kuchapishwa, programu ambayo msimbo wake uko wazi, na itifaki ya WireGuard au OpenVPN. Ukikuta bado wanakupa PPTP, itifaki ya zamani, ondoka. Ulinzi wake ulivunjwa hadharani 2012, na Apple waliiondoa kwenye iPhone tangu iOS 10. Usilipie miaka mitatu kwa mkupuo hata kama punguzo linavutia. Lipa mwezi mmoja uijaribu kwenye mtandao wako.

"VPN inalinda simu nzima"

Inalinda data ya intaneti tu. Ukibonyeza *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania au *334# ya Kenya, menyu hiyo haipiti kwenye intaneti. Inapita kwenye njia ya mawasiliano ya mnara wa simu, na VPN haiigusi. SMS na simu za kawaida nazo zimo humo. Mtu anayepokea "ile pesa tuma kwenye namba hii" hatasaidiwa na VPN yoyote, sawa na aliyeandika PIN yake kwenye tovuti ya kitapeli: handaki litaifikisha PIN kwa tapeli salama salimini.

Hotspot pia inawadanganya wengi. Kwenye simu nyingi za Android, ukimwashia mwenzako hotspot huku VPN yako imewaka, kompyuta yake haipiti kwenye VPN. Inatoka moja kwa moja kwa kampuni ya simu. Ikitakiwa nayo ilindwe, iwekewe VPN yake.

"Wakizima mtandao, washa VPN"

Inategemea wamezima nini. Uganda inaonyesha vizuri. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, kampuni za simu zilizuia WhatsApp na Facebook kwa asiyelipa kwa kuangalia data inakwenda wapi. VPN iliuficha mwelekeo huo, na watu wakapita. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa na VPN ikawasaidia wengi tena. Jioni ya tarehe 13 ukakatwa mtandao wenyewe, na hapo VPN hazikuwa na la kufanya. Pasipo barabara, gari lenye vioo vyeusi haliendi popote.

"Ni haramu" na "hainihusu, kila mtu anatumia"

Zote mbili ni za haraka mno. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kufikia tarehe 30 ya mwezi huo, na kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 ziliweka kwa anayezikiuka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa ndugu zetu walioko Dubai na Abu Dhabi, sheria ya Falme za Kiarabu inamtoza anayeficha IP ili kutenda kosa, au ili kosa lisigundulike, kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000. Wengi huko huwasha VPN ili tu wapige simu ya WhatsApp nyumbani. Wajue wanacheza karibu na nini.

"Alama ya ufunguo imetokea, basi inafanya kazi"

Alama ile juu ya skrini inasema handaki limefunguliwa. Haisemi kila kitu kinapita humo. Kwanza, kabla ya kuwasha VPN, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani ya IP na uziandike zote mbili, ya IPv4 yenye nukta na ya IPv6 ndefu yenye nukta pacha. Washa VPN, fungua upya. Ikibaki hata moja ya zile za mwanzo, inavuja. Kisha fanya jaribio la kuvuja kwa DNS: ukiona seva zenye jina la kampuni yako ya simu, majina ya tovuti unazotembelea bado yanakwenda kwake.

Kwenye Android nenda Mipangilio, sehemu ya mtandao, VPN, bonyeza gurudumu pembeni mwa jina la VPN yako, kisha washa vitufe viwili: cha kuiacha VPN iwake muda wote, na cha kuzuia muunganisho usiopitia VPN. Bila cha pili, mtandao ukiyumba kwenye basi na handaki likakatika, simu inarudi kwenye njia ya wazi bila kukuuliza. Kwenye iPhone, miunganisho iliyokuwa imeshafunguliwa kabla ya VPN inaweza kuendelea nje ya handaki. VPN ikishaunganishwa, washa hali ya ndegeni kisha uizime, ingawa hata hivyo si uhakika kamili.

Ikiwa maandishi ya WhatsApp yanakwenda lakini picha zinazunguka bila mwisho, shida mara nyingi ni ukubwa wa pakiti: zilizojaa zikiongezewa zile baiti 60 hazipenyi kwenye mtandao wako, ndogo zinapenya. Fungua mipangilio ya handaki kwenye programu ya WireGuard, sehemu ya MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) andika 1280, hifadhi, unganisha tena. Na kama kinachovuja ni IPv6 peke yake, ingia kwenye mipangilio ya APN (ya laini kuunganishwa na intaneti), badilisha itifaki iwe IPv4 pekee, zima data na kuiwasha, halafu rudia lile jaribio la kwanza.