Wasiwasi, wahaka na hiyo "anzaiti" mnayoisema

Siku hizi haipiti siku kliniki yetu ya afya ya akili hapa Unguja hajaja kijana keshajipa ugonjwa mwenyewe, "dokta mie nina anzaiti" (anxiety ya Kiingereza, yaani ugonjwa wa wasiwasi), ukimuuliza tangu lini anakwambia tangu juzi, kesho ana intavyuu. Hayo si maradhi jamani, huo ni wahaka, utaondoka na intavyuu yake.

Lugha nayo inatuchanganya, sikatai. Mtoto hajarudi skuli na magharibi imeingia, wasiwasi. Anachokutia shetani rohoni, wasiwasi. Unatia udhu mara saba unaona bado haujatimia, wasiwasi huohuo. Sasa sie tukisema ugonjwa wa wasiwasi tunakusudia hofu iliyopita kiasi, siku nyingi unayo kuliko ambazo huna, miezi 6 au zaidi, kuizuia huwezi, usingizi huna, mwili umekaza, kazi au masomo yanaharibika. Yule wa udhu mara saba pengine ana maradhi mengine, yanaitwa OCD, mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili, DSM-5, tangu 2013 umeyapa sura yake mbali, na tiba yake ipo. Msimwambie imani yake dhaifu! Mnamzidishia, wengine wanakuja mikono imechubuka kwa maji.

Ukija, utaratibu ni huu: unafungua faili, unapimwa presha, ikibidi damu na tezi ya shingo, maana tezi ikizidi kufanya kazi moyo unakwenda mbio vilevile, halafu unaulizwa masuali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila suali alama 0 mpaka 3, jumla 21. Kuanzia 10 tunakuchunguza zaidi. Tafadhali msikariri majibu kutoka kwenye simu, alama peke yake haitoi jina la ugonjwa, na mnayotwambia ni siri. Na ukitajiwa Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, usione umeshaitwa mwendawazimu.

Kusomewa Kur'ani hakuna anayekukataza, kasomewe, na kliniki pia uje. Ila hizi diazepamu, vidonge vya kutuliza, mnazopeana majirani, hapana. Ni dawa ya cheti, anayekuuzia bila cheti anavunja sheria, mwili unaizoea ndani ya wiki chache tu na ukiikata ghafla unaweza kuanguka kifafa. Kwa hiyo kama umeshainywa muda mrefu usiitupe leo kwa kuniogopa mie, njoo nayo na pakiti lake, tutaipunguza kidogo kidogo.