Ligamenti ya Goti Imekatika Tena: Safari Hii Itumike Kano Gani?

Maswali haya huulizwa na wachezaji wa mpira, waendesha bodaboda na ndugu zao, kuanzia Mtwara mjini hadi Ruangwa. Yanahusu ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL. Ikikatika, goti huachia, yaani hukosa nguvu ghafla, mtu anapogeuka. Daktari huitengeneza upya kwa kano, ule utepe mgumu unaounganisha msuli na mfupa, iliyotolewa sehemu nyingine.

Nilipasuliwa Dar es Salaam, sasa goti linaachia tena. Kano ipi ni imara zaidi?

Tuanze na kwa nini ya kwanza ilikatika, maana mara nyingi tatizo halikuwa kwenye kano. Daktari hutoboa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye mfupa wa muundi, kisha hupitisha kano humo. Tundu likikaa pasipo pake, hata kwa milimita chache, kano huvutwa kupita kiasi kila unapokunja goti, mpaka inalegea au kukatika. Wengine huumia upya, wengine hurudi uwanjani mapema, na wengine waliachwa na ligamenti nyingine au gegedu la ndani ya goti lililochanika bila kutibiwa. Ukipitisha kano nzuri kwenye tundu bovu, itakatika vilevile.

Kwa hiyo fuatilia karatasi za upasuaji wa kwanza kabla hujapanda basi. Zinaonyesha kano ipi ilichukuliwa, mguu upi, na skrubu gani zimo ndani. Inauma kumwona mtu aliyetoka Newala na goti lililovimba, akafika kwa daktari bingwa mikono mitupu, halafu akaambiwa arudi na karatasi.

Kano mpya inatoka wapi?

Mara nyingi mwilini mwako mwenyewe. Kuna ya chini ya pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti), inayokatwa na kipande kidogo cha mfupa kila ncha ili mfupa uunge na mfupa. Kuna za nyuma ya paja. Kuna ya juu ya pia ya goti, ambayo ni nene na siku hizi inatumika zaidi kwenye upasuaji wa marudio. Iliyokwisha kutumika haihesabiwi, ila daktari anaweza kuchukua kwenye mguu wa pili.

Nitajuaje inayonifaa?

Mweleze daktari unavyoishi, si mpira tu. Kano ya chini ya pia ya goti ina sifa nzuri kwa wanamichezo, lakini baadhi ya waliochukuliwa hapo huumia wakipiga magoti, na maumivu hayo yanaweza kudumu. Huku Kusini hilo si jambo dogo. Mtu anasali mara tano kwa siku na kila rakaa ina sijida mbili. Msimu wa korosho mtu anashinda ameinama au amepiga magoti chini ya mkorosho, akiokota. Mtu wa namna hiyo naona aulize kwanza kuhusu kano ya juu ya pia ya goti au za nyuma ya paja. Hizi za nyuma nazo zina gharama yake: nguvu ya kukunja goti hupungua, na mkimbiaji wa mbio fupi huihisi.

Na kano ya mtu aliyefariki?

Inatumika katika nchi zenye benki za tishu. Huna kidonda cha pili, na upasuaji ni mfupi. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa wagonjwa 1,205 wa marudio, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa waliowekewa kano zao wenyewe hawakukatikiwa tena kirahisi kama wenzao waliowekewa za waliofariki. Tofauti ilikaribia mara tatu ndani ya miaka miwili. Kijana anayetaka kurudi uwanjani ningemshauri atumie ya kwake.

Daktari anataka kunipasua mara mbili. Ni kutafuta hela?

Hapana. Matundu ya zamani yakiwa yamepanuka, kano mpya haina pa kushika. Hujazwa mfupa kwanza, mara nyingi kutoka nyongani, kisha husubiriwa miezi minne hadi sita hivi ndipo kano iwekwe. Omba uonyeshwe picha ya CT (eksirei ya kompyuta), upana wa tundu unaonekana humo.

Nitacheza lini?

Si kabla ya miezi 9, na kwa marudio wengi hungoja mwaka au zaidi. Utafiti wa Norway wa 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kabla ya kuruhusiwa, mtaalamu wa fiziotherapia hukupima kwa kuruka na mguu mmoja. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Kama kano ilitoka kwenye mguu huo wa pili, mkumbushe, kwa sababu nao umepungua nguvu na kipimo kitakudanganya.